Baruti Isiyopimwa

Arvid Nygaard alipima ngano kwa miaka thelathini na minane. Alikaa katika kibanda cha mizani nje ya maghala marefu ya Hadley Butte, kule mashariki ya Montana, na hakuna lori lililopanda juu ya ile sahani ya chuma bila yeye kulitazama. Wakulima walimtania kwamba Arvid anajua hata kama dereva kanywa kahawa kikombe kimoja au viwili kabla ya kuja. Yeye alicheka, lakini moyoni alijua kwamba hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kurudi kumlalamikia, na hilo ndilo lililomfanya atembee mjini kifua mbele.

Alipostaafu, macho yale na mikono ile aliihamishia kwenye kitu kidogo zaidi. Katika chumba cha chini ya nyumba yake alikuwa na meza nzito ya mbao, na juu yake vifaa vya kujazia risasi. Watu wengi wa upande ule hujaza risasi zao nyumbani kama wengine wanavyopika jemu. Unaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, unayasafisha, unayatia kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti, unamimina baruti, unafunga kichwa cha risasi mdomoni. Kazi yenyewe si ngumu. Ugumu ni kuifanya mara mia, na ile ya mia iwe sawa na ya kwanza. Kwenye shabaha iliyo mbali yadi elfu moja, baruti ikizidi au ikipungua kwa kiasi cha chumvi unayoibana kwa vidole viwili, risasi hupanda au hushuka shibiri nzima. Za Arvid hazikupanda wala kushuka.

Alizipima moja moja kwa mizani ya zamani ya mkono, ile yenye ncha inayocheza juu chini taratibu mpaka itulie kwenye mstari. Mizani za betri alizidharau. Lyle Brekke, mwenyekiti wa klabu yao ya shabaha, alipojinunulia moja, Arvid aliizunguka akiitazama kama mtu anayetaka kununua farasi, kisha akauliza, "Na mkate je, inachoma pia?" Klabu nzima ikaangua kicheko, na Lyle akaitwa Mchoma Mkate kwa mwaka mzima.

Aliyezifaidi zaidi risasi za Arvid alikuwa Corinne Dietz. Corinne alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na kazi yake ilikuwa kuendesha greda la kaunti kwenye barabara za vumbi. Alifika klabuni miaka sita nyuma hajui hata kulala vizuri nyuma ya bunduki. Arvid alimfundisha pumzi, alimfundisha upepo, na tangu siku hiyo akawa anamjazia risasi. Watu walipomsifu, Corinne alitikisa kichwa. "Mimi nabonyeza tu," alikuwa akisema. "Anayepiga ni yule mzee, chini ya nyumba yake."

Kwa muda wa mwaka mmoja hivi, ukungu ulikuwa ukimwingia Arvid machoni. Ardis, mkewe, aliuona mapema. Alimwona akilipeleka gazeti dirishani, akimimina maziwa pembeni ya kikombe.

"Nenda kwa daktari wa macho," alimwambia.

"Nitakwenda baada ya mavuno."

"Mavuno gani? Huna hata mche mmoja wa nyanya."

"Nimesema nitakwenda, Ardis."

Hakwenda.

Mwezi wa Julai Corinne alichaguliwa kuwa mmoja wa wapigaji wanne wa kuiwakilisha klabu kwenye mashindano ya jimbo. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alimletea Arvid maganda sitini kwenye sanduku la plastiki, na alipolikabidhi alikuwa akicheka peke yake kama msichana.

Arvid alianza kazi mchana wa siku iliyofuata. Aliketi, akamimina baruti kwenye kisahani, akaiinamia mizani. Ncha zilikuwa mbili. Moja ilikuwa juu ya mstari, nyingine chini yake, na hakujua aiamini ipi. Akasogeza taa. Akaondoa taa. Akafumba jicho moja, kisha lingine. Ganda la kwanza lilimchukua dakika nne, la pili sita. Alipomaliza la tisa shingo ilikuwa imekakamaa na machozi yanamtoka.

Ardis alikuwa jikoni, ngazi kumi na mbili tu juu yake. Angeweza kumwita ashuke amsomee. Lyle angemwazima ile mizani yake yenye tarakimu kubwa nyekundu. Njia zote mbili zilimtaka aseme neno moja: sioni. Arvid akalikalia kimya neno hilo.

Ukingoni mwa meza palikuwa na kimiminio, tangi dogo la chuma lenye mkono. Ukiupandisha mkono na kuushusha, baruti kiasi ulichokipanga huteremka ndani ya ganda. Kwa risasi za kujifurahishia, wengi hutumia hicho tu. Lakini baruti ya Arvid ilikuwa ya vijiti, na vijiti hukwama kooni mwa kile chombo, ganda moja likapata pungufu na linalofuata likapata lake pamoja na kilichokwama. Arvid mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaonya watu. Kimiminio ni cha kukaribia, aliwaambia miaka yote, mizani ndiyo ya kufikia.

Siku hiyo alijaza maganda hamsini na moja kwa kimiminio peke yake. Mara mbili tatu alihisi mkono wa kimiminio ukisagasaga, ishara kwamba vijiti vimekaa vibaya, na kila mara alijiambia si kitu. Saa kumi jioni kazi ilikuwa imekwisha. Alibakiza risasi tano za mwisho, kama alivyozoea, ili awe na mfano wa kazi yake. Nyingine alizipanga sandukuni kwa mpangilio aliozijaza, akabandika karatasi juu ya kifuniko, na kwa kalamu nene akaandika: *Zote zimepimwa mara mbili. A.N.*

Mashindano yalikuwa mwishoni mwa Agosti. Arvid alikwenda kwa gari la Lyle na kukaa nyuma ya wapigaji pamoja na watu wengine wa klabu. Timu yao ilikuwa ya pili mpaka wakati wa chakula. Baada ya chakula ikawa zamu ya Corinne. Risasi zake za kwanza zilikwenda palepale zilipotakiwa, moja baada ya nyingine, na Arvid akaanza kupumua. Zilikuwa zile tisa.

Ya kumi ilipanda. Ya kumi na moja haikufika hata kwenye ubao, ilitimua vumbi mbele yake. Ya kumi na mbili ilipita juu, na Corinne alipotaka kufungua komeo la bunduki lilikataa. Akaligonga kwa kiganja. Likakataa tena. Msimamizi akaja mbio, akainua mkono, akamwamuru aache kupiga. Risasi zilizobaki hazikuhesabiwa, na timu ikaporomoka mpaka ya pili kutoka mwisho.

Walisimama nyuma ya magari. Lyle ndiye aliyeuliza, kwa upole, "Corinne, wakati tunakula, zile risasi uliziacha wapi?"

Corinne akajishika mdomo. "Kwenye gari. Juu ya dashibodi."

"Lo, mama! Na jua hili?"

"Sikufikiri, jamani. Sikufikiri kabisa."

Lyle akamgeukia Arvid. "Jua linaweza kufanya mambo kama haya?"

Wote wakamtazama. Arvid alijua kwamba baruti iliyopata moto husukuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo hupandisha risasi. Alijua pia kwamba jua haliwezi kuipandisha hii na kuishusha ile.

"Jua linaweza," akasema.

Hawakumtaka aongeze neno, kwa maana mizani za Arvid hazijawahi kulalamikiwa.

Kesho yake aliteremka chini ya nyumba akazifungua zile tano alizobakiza. Hakuhitaji macho mazuri. Baruti ya kwanza ilipowekwa kwenye mizani, mkono wa mizani ulianguka ukagonga chini. Ya pili ikaubakiza juu, haukujongea. Aliziweka zote tano, na hakuna mbili zilizolingana. Akazimwaga katika kopo, akalifunga kopo, akakaa.

Siku ya Alhamisi Corinne alibisha hodi. Mkononi alikuwa na pai ya matunda mwitu, bado ya moto, imefunikwa kitambaa.

"Nimekuja kuomba radhi, mzee."

"Radhi ya nini?"

"Ya kazi yako. Unakaa huko chini siku nzima unapima moja moja, halafu mimi nakwenda kuzianika juani kama samaki."

Ardis akacheka, akatoa visahani. "Kaa mama, kaa. Mambo hutokea."

Wakala. Arvid alikata kipande, akakitia mdomoni, akakizungusha kama mtu anayetafuna pamba. Pale mezani palikuwa mahali pake pa kusema. Corinne alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayengoja kukemewa, na Arvid akatafuta neno la kumwondolea ule uso, akalipata baya kuliko yote.

"Na pumzi zako pia," akasema. "Uziangalie. Ulikuwa unabonyeza kabla hujatulia."

Corinne akaitikia kwa kichwa polepole. "Nilijua," akasema. "Nilijua kuna kitu kingine kwangu."

Alipoondoka, Arvid alisema anasikia kiungulia, akaenda kujilaza.

Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akawa halali vizuri, na akiulizwa husema ni joto. Jumamosi Lyle alimweleza kwamba Corinne ameomba jina lake lisiwekwe kwenye timu mwakani. "Anasema hana roho ya mashindano," Lyle alisema. "Mimi nadhani zungumza naye wewe, wewe anakusikia." Arvid akasema atazungumza naye. Kuanzia hapo akawa akiliona gari la Corinne dukani hupita moja kwa moja, na Ardis akikosa sukari hungoja mpaka kesho.

Lakini mji mdogo haukimbiliki. Wiki ya tano, Ijumaa asubuhi, walikutana ana kwa ana mlangoni mwa posta. Corinne akamsalimia kwa furaha.

"Na ukae tayari kwa nyama ya swala, mzee. Msimu unafunguliwa kesho, na Wendell kachukua zile risasi zako zilizobaki. Nikamwambia hizo ni za heshima, si za kupigia swala. Akasema heshima hailiwi."

Wendell alikuwa mumewe.

"Za sanduku lile?"

"Ndiyo. Anatumia bunduki ya marehemu baba. Saa hizi yuko kwenye shimo la changarawe, anairekebisha darubini."

Arvid aliifahamu bunduki ile. Ilikuwa ya zamani kuliko yeye Corinne, chuma chake kimechoka, na isingeistahimili risasi iliyozidi kama ilivyoistahimili ile mpya ya Corinne.

"Mpigie simu."

"Kule hakuna mtandao, unapajua."

"Basi twende. Endesha wewe. Twende sasa hivi, Corinne."

Corinne aliutazama uso wake, akakimbilia gari. Walipotoka nje ya mji na kuingia barabara ya vumbi ndipo aliposema, macho mbele, "Unanitisha. Kuna nini?"

"Zile risasi si nzuri."

"Kwa hiyo jua liliziharibu moja kwa moja?"

Hata hapo, mtu yuko shimoni na bunduki mkononi, Arvid aliona jinsi ilivyo rahisi. Aseme ndiyo. Wafike, wazichukue, wazitupe, mambo yaishe. Ulimi ulikuwa tayari. Akashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Jua halihusiki," akasema. "Sikuzipima."

"Hukuzipima nini?"

"Risasi zako. Nilipima tisa. Zilizobaki nilimwaga tu kwa kimiminio. Nilikuwa sioni mizani, Corinne. Hata sasa sioni. Hicho kibao cha barabarani kile, kwangu ni wingu."

"Uliandika kwenye sanduku."

"Niliandika."

"Kwa mkono wako. Mara mbili, uliandika."

"Ndiyo."

Gari likapita mahali barabara ilipokunjamana kama bati, likatetemeka, vifaa vikagongana nyuma. Corinne akabadili gia.

"Na pumzi?"

"Nini?"

"Pumzi zangu, Arvid. Uliniambia pumzi."

Arvid aliutazama mkono wake mwenyewe. "Pumzi zako hazikuwa na neno."

"Wiki tano," Corinne akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wiki tano nalala sakafuni sebuleni na bunduki tupu, nahesabu pumzi. Wendell ananiruka akienda jikoni. Nilifikiri nimeanza kuharibika mwili. Nilikwenda mpaka kupimwa moyo, unajua? Nilivua nguo nikabandikwa nyaya kifuani, kwa sababu wewe ulisema situlii."

Arvid alitaka kusema nisamehe, lakini neno lenyewe lilionekana kwake kama kitu anachomwomba tena, juu ya vyote alivyokwisha kumchukulia.

Walipoingia shimoni Wendell alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, shavu kwenye kitako cha bunduki. Corinne akapiga honi na kuishikilia. Wendell akainua kichwa.

"Enhe! Mmekuja kunikagua?"

"Usiguse kitu! Ondoka hapo!"

Corinne aliruka kutoka garini liliposimama tu, akaifungua bunduki, akaitoa risasi iliyokuwa ndani. Wendell, jitu kubwa la kicheko, alisimama akijipangusa magoti.

"Kwani vipi? Nimepiga nne tu. Mbili sawa, moja imekwenda chini huko, na hii ya mwisho komeo limenigomea. Nikadhani uchafu."

Ganda la ile ya mwisho lilikuwa mkekani. Arvid aliliokota. Hakuweza kuliona vizuri, kwa hiyo akalipapasa kitako kwa ncha ya kidole. Ile fataki ilikuwa imelala bapa kabisa, imejaa mpaka ukingoni, na katikati pametokea kijinundu, alama ya baruti iliyozidi. Kama iliyofuata ingezidi kidogo kuliko hii! Akaketi juu ya changarawe.

Corinne alimweleza mumewe kwa maneno machache, mgongo umemwelekea Arvid. Wendell alisikiliza mpaka mwisho. Arvid alingoja matusi.

"Nimemcheka mke wangu mwezi mzima," Wendell akasema. "Nimembandikia kikaratasi kwenye dashibodi, *hapa si jikoni*. Na yeye anacheka na mimi." Akaitia bunduki katika mfuko wake mrefu wa kubebea, akafunga zipu. "Ungeniambia tu mimi, mzee. Ningekusomea hizo namba."

Mchana ule Corinne alikuja na risasi zote zilizobaki. Hakubisha hodi ya kawaida, aligonga mara moja. Walishuka chini. Arvid alifungua risasi moja moja kwa koleo lake, na Corinne akaketi kwenye kiti cha Arvid mbele ya mizani, akasoma kwa greni, kile kipimo kidogo cha baruti.

"Pungufu greni moja. Sawa. Imezidi nusu. Imezidi mbili. Sawa. Pungufu moja na nusu. Imezidi mbili na nusu."

Aliendelea hivyo mpaka ya mwisho, sauti moja, kama karani wa mahakama. Arvid alisimama pembeni na koleo mkononi, katika chumba ambacho kwa miaka kumi na miwili watu walikuwa wakishuka kujifunza kwake. Alipogeuka alimwona Ardis ameketi kwenye ngazi. Hakujua yuko pale tangu lini.

"Ulikula ile pai," Ardis akasema.

Akainuka, akarudi juu jikoni.

Corinne alisimama, akafuta mikono. "Jumamosi ijayo kuna mkutano wa klabu. Utawaambia. Mimi siwaambii, sitaki kuwa mtu anayezunguka mji akijitetea."

"Nitawaambia."

"Wote. Siyo Lyle peke yake pembeni."

"Wote, Corinne."

Usiku na mchana wa wiki ile Arvid alikuwa akipanga maneno. Kila alivyoyapanga yalianzia kwenye macho: kwamba macho yalikuwa yakimsumbua, kwamba uzee ni mgumu. Jumamosi, waliposimama nje ya kibanda cha klabu, watu kama thelathini na vikombe vyao vya kahawa, aliona kwamba akianza na macho watamhurumia kabla hawajajua alichofanya. Akayaacha.

"Mwezi wa nane Corinne hakukosea," akasema. "Risasi nilizompa sikuzipima. Niliandika kwamba nimezipima. Jua halikuwa na kosa, na yeye hakuwa na kosa. Wiki iliyopita Wendell nusura aumie kwa risasi hizohizo."

Mtu mmoja akasogeza miguu. Lyle aliweka kikombe chake chini.

"Nilipokuuliza habari ya jua," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Sikuwa nimehakikisha. Lakini nilijua ninachokujibu."

"Na ulinyamaza wiki tano?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini lakini, Arvid?"

Ndipo akasema kuhusu macho, kwa sentensi mbili. Kisha akangoja utani. Lyle alikuwa na haki nao, angeweza kumwita chochote, na Arvid angeupokea kwa mikono miwili. Lyle hakumtania. Alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyetangaza kwamba kuna ugonjwa nyumbani kwake, akasema, "Ahsante kwa kutuambia."

Wa kwanza kuondoka alikuwa mkulima mmoja mzee. Arvid alidhani anakwenda zake. Lakini alikwenda mpaka kwenye gari lake, akarudi na sanduku la risasi, akaliweka juu ya meza mbele ya Arvid. Hakumtazama. Mwingine akafuata. Baadaye watatu kwa pamoja. Walirudi mmoja mmoja na masanduku yenye maandishi yake, A.N., A.N., mengine ya mwaka huu, mengine ya miaka mitano sita nyuma, ya wakati ncha ilikuwa moja na mkono wake thabiti. Alitaka kusema kwamba hizo ni nzuri, hizo nimezipima kweli. Akafungua mdomo, akaona kwamba hana cha kuwaonyesha isipokuwa neno lake, akaufunga. Yalikuwa masanduku kumi na moja. Wendell ndiye aliyemsaidia kuyabeba mpaka garini kwa Ardis.

Mwezi wa Novemba alipasuliwa jicho la kulia, na kabla ya Krismasi la kushoto. Ukungu uliondoka. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri kilikuwa mikunjo ya uso wa mkewe, naye Ardis akamwambia asimkodolee.

Majira ya baridi yote alikuwa chini ya nyumba akizifungua risasi za watu, moja moja, na kuzipima. Za zamani zilikuwa sawa kama alivyojua. Lakini alipofikia za Machi na Aprili ya mwaka ule, kabla kabisa ya zile za Corinne, alikuta zimeyumba. Hizo alizipima kwa mizani, kila moja, na aliapa moyoni kwamba ziko sawa. Alikuwa ameanza kusoma vibaya kabla hajajua kwamba hasomi.

Hakuna ambaye angegundua. Baruti ilikuwa yote mbele yake mezani, na angeimwaga bustanini isionekane tena. Siku ya pili yake alivaa koti, akaendesha mwenyewe kwenye theluji mpaka kwa Lyle, akamwambia. Lyle alileta karatasi, wakakaa jikoni wakaandika ni nani waliopata risasi za miezi ile na nani kati yao hakurudisha sanduku. Walikuwa wawili. Lyle akawapigia simu palepale, Arvid akiwa amekaa anasikia jina lake likitajwa.

Corinne alijinunulia vifaa vyake. Jina lake alilirudisha kwenye timu. Akikutana na Arvid humsalimia na kumuuliza hali ya Ardis, lakini kwao hakuja tena, na lile neno mzee alilokuwa akimwita aliliacha, akawa anamwita Arvid tu kama wanavyomwita wengine. Arvid hakuthubutu kumuuliza sababu.

Agosti ilipofika hakwenda kwenye mashindano. Alisema gari la Lyle limejaa, ingawa halikujaa. Alikaa barazani kutwa nzima akimenya mahindi ambayo hayakuhitaji kumenywa siku hiyo. Jioni Lyle alipiga simu, Arvid akasikiliza, akasema haya, akasema vizuri, akakata.

"Enhe?" Ardis akauliza kutoka ndani.

"Timu imekuwa ya tatu."

"Na yeye?"

"Kapiga vizuri kuliko wote wanne." Arvid aliendelea kumenya. "Amejaza mwenyewe. Zote sitini."

Ardis alitoka, akavuta kiti, akachukua hindi moja kutoka kwenye ndoo. Wakamenya pamoja mpaka yakaisha.